Maneno Aliyofundishwa Benedicto

Wangwe Machage wa Nyamwaga alikuwa mtu wa kukaa na jambo moyoni. Ukimkosea leo atakusalimia, atakukaribisha uji, atakuulizia watoto. Wewe ukidhani yamekwisha, yeye ndiyo kwanza anaanza.

Alilima mahindi na ndizi kama wenzake, lakini kwenye arusi na misiba aliyeitwa ni yeye, na litungu lake, ala ya nyuzi nane. Mdogo wake Mniko alipouawa na wezi wa ng'ombe, Wangwe alimtungia wimbo. Wimbo huo ndio uliokuwa kaburi la Mniko, maana mwili haukuonekana.

Mwaka wa sabini akaja Benedicto, kiongozi wa kikundi kikubwa cha ngoma kutoka Dar es Salaam, kijana wa shati la kitenge na kinasa sauti begani. Kikundi chake kililipwa mishahara na serikali, kilipanda ndege, kilichezea wageni wa heshima. Alikaa siku kumi na moja, akala ugali wa Bhoke, mke wa Wangwe, akaumeza wimbo wote. Aliapa kwamba popote utakapoimbwa, Wangwe na marehemu watatajwa.

Mwaka uliofuata redio ikaurusha hewani: wimbo wa kuhimiza kilimo cha pamba, umetungwa na Benedicto. Pamba! Mniko katolewa, pamba imetiwa. Lakini lililomchoma Wangwe zaidi lilimkuta msibani, huko Nyamongo. Alipoanza tu kuupiga, waombolezaji wakaguna.

"Mzee, hapa tumefiwa. Achana na nyimbo za redio."

Aliondoka na litungu kwapani. Kuanzia siku hiyo hakuweza kumlilia mdogo wake mbele ya watu.

Mwaka wa sabini na sita Benedicto akarudi, kitambi kimeanza. Kikundi chake kilikuwa kinakuja Tarime kwa Saba Saba, naye alitaka wimbo wa Kikurya chenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wimbo wangu ule uliishia wapi?"

"Ah, mzee, wakati huu wa ujamaa wimbo ni mali ya wote."

"Na mshahara wako nao ni wa wote?"

Benedicto akacheka, akidhani ni utani wa wazee. Bhoke alisubiri mumewe amfukuze huyo mtu. Wangwe akavuta kigoda, akakaza nyuzi.

"Keti, mwanangu, nikufundishe."

Alimfundisha siku nne, neno kwa neno, akimsahihisha matamshi kwa upole. Maana yake, alimwambia, ni kukaribisha wageni na kusifu mavuno. Jina la mtu hakuweka hata moja, maana jina Benedicto angelitambua. Jikoni Bhoke aliuma kanga asicheke.

Saba Saba uwanja ulifurika. Benedicto akasimama mbele ya wachezaji wake, na kwa Kikurya safi akautangazia umati kwamba yeye na wenzake ni abarisia, yaani wanaume wazima wasiotahiriwa, walioiba kilio cha maiti wakakiuza mjini. Kwa Wakurya hakuna tusi linalozidi hilo. Watu walipigwa na butwaa, kisha uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Rudia! Rudia!"

Alirudia mara tano, jasho linamtoka, anatabasamu. Wangwe alikaa mstari wa mbele akipiga makofi mpaka viganja vikamuuma. Alifurahi, wala hakuona haya kufurahi.

Ngoma ilipokwisha, Benedicto akamjia mbio.

"Mzee, umeona walivyoupenda? Tunakwenda kuurekodi redioni."

"Rekodini," Wangwe akasema. "Msibadili hata neno."

Mwezi wa tisa nusu ya kijiji ilijazana penye redio ya duka la ushirika. Mtangazaji akasema sasa ni wimbo wa Wakurya wa kusifu mavuno, umetungwa na Benedicto. Marwa, jirani wa Wangwe, akaruka kwa hasira.

"Wangwe! Wamekufuta tena jina!"

"Niache nisikilize," Wangwe akasema. "Huu kweli ni wake."