Mchezo Niliouita Mbovu

Naomba msinicheke sana. Katika kibanda cha Mutua, pale mtaani Jericho, mimi ndiye huwafundisha wageni michezo ya video. Juzi Mutua aliuza redio yake akanunua toleo jipya la mchezo tuliouzoea miaka yote, ule ambao shujaa hukimbia kuelekea kulia tu. Nikaketi wa kwanza, niwaonyeshe wenzangu.

Shujaa alikimbia kulia, akagonga ukuta. Nikazidi kubonyeza. Sheria yetu ni kwamba ukifa unampisha mwenzako, lakini ukuta hauui mtu. Foleni ikarefuka huku nikieleza kwa upole kwamba mchezo umekwama.

"Mutua, ndugu yangu, umeuziwa bandia. Urudishe."

Maskini, akanyoosha mkono kuzima mashine.

"Ebu ngoja," akasema Atieno, aliyekuwa akisubiri zamu yake. "Mwalimu, umejaribu kwenda mbele?"

"Si ndiko ninakokwenda!"

"Huko ni kando." Akabonyeza kitufe cha juu. Shujaa akatugeuzia mgongo, akaingia ndani kabisa ya televisheni, kwenye njia pana iliyokuwa wazi muda wote.

Kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko. Mutua peke yake hakucheka.

"Mwalimu," akaniambia, "panga foleni. Atieno atakufundisha."