Mjane wa Syombua

Siku ya kwanza kazini niliripoti Mbumbuni nimevaa viatu vya kisigino. Bosi wangu, afisa wa kilimo wa tarafa, aliviangalia akacheka. "Madam, hivyo ni vya shamba ama vya harusi?" Kesho yake nilinunua raba.

Wakati huo tulifundisha wakulima kuchimba matuta ya kuzuia maji. Ruzuku ilikuja baadaye: serikali hulipa sehemu ya bei ya mbolea, mkulima anamalizia. Tulimsajili mkuu wa nyumba, na mvua ikikaribia, ujumbe wa kumruhusu kununua uliingia kwenye simu yake. Kila nyumba ilikuwa na mkuu mmoja tu.

Nilihamishiwa Kathonzweni. Watu waliniheshimu mno, na heshima ile ilinichosha. Nikifika nyumbani kwa mtu napewa kiti kizuri, kisha wote wananyamaza. Jumapili baada ya ibada kila mtu alienda kula na watu wake, nami nikaenda kufungua mlango wangu. Nilikuwa mpweke, sioni haja ya kulipamba neno hilo.

Kwa Syombua pekee ndiko nilikocheka. Mama huyo mzee hakujaliwa mtoto, na mumewe alipofariki, akaoa mke, Mwikali, mbele ya wazee. Sisi Wakamba mke wa namna hiyo tunamwita iweto, na watoto anaozaa ni wa nyumba ile. Walininywesha uji na kunitania kuhusu raba zangu.

Syombua akafariki mvua ya vuli ikikaribia. Shemeji yake alichukua simu ya marehemu, akaja nayo ofisini.

"Madam, andika mimi. Huyo msichana hana bwana hapa."

Niliogopa. Kama angeandikwa yeye mkuu wa nyumba, angeanza na mbolea, kisha shamba, na Mwikali angefukuzwa pamoja na watoto. Nilimwandika Mwikali, na pale pa hali ya ndoa nikaweka mjane. Afisa wa kilimo wa kaunti ndogo akaniita.

"Mjane wa nani?"

"Wa Syombua, mkuu."

"Syombua si ni mwanamke?"

"Ndiyo. Alimuoa. Wazee walikula mbuzi, waulize."

Alikuna kichwa. "Hiyo kompyuta ya Nairobi haijui mambo ya iweto," akasema. "Lakini mimi nililelewa na iweto wa nyanya yangu. Peleka hivyo."

Mbolea ilipotoka, Mwikali alipita kunishukuru, punda wake amebeba magunia. Tulicheka sana. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Na wewe madam, siku ukienda, nani ataandikwa kwa nyumba yako?"

Nilimwambia nina ripoti ya kumaliza.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kitui, ndiko nilikostaafu. Ninyi mnaoanza kazi hii, msiiandike nyumba ya mtu kabla hamjaingia ndani mkakaa. Hilo nililifanya, na ndilo ninalojivunia. Mengine yalikuwa vumbi na mikutano.

Sasa nina kashamba nje ya mji, na ujumbe wa mbolea unaingia kwenye simu yangu mwenyewe. Msimu uliopita mtu wa bodaboda alileta gunia hadi mlangoni, akachungulia ndani.

"Mama, niite nani atusaidie kushusha?"

"Hakuna mtu," nikamwambia. "Shika huko, mimi nashika huku."