Darasa la Barabara za Amerika

Siku yangu ya kwanza kazini katika shule ya udereva, Meneja alinipa funguo za gari, akaketi kiti cha pembeni na kusema, "Nipeleke Katito."

Hakuniuliza vyeti. Nilikuwa mwanamke wa Kimaragoli niliyejifunza udereva kwenye pikapu ya misheni. Kisumu ile ya mwanzoni mwa miaka ya themanini, sikumjua mwanamke mwingine aliyefundisha watu kuendesha. Gari la mafunzo lilikuwa na breki na klachi za pili upande wa mwalimu, ili aweze kulisimamisha mwanafunzi akishindwa. Njia nzima Meneja aliweka miguu yake mbali nazo. Tulipofika Katito alinunua ndizi, akanipa mbili.

"Kuendesha unajua," akasema. "Lakini mwalimu anatakiwa aweze kukaa karibu na mtu mwenye hofu bila kumwongezea hofu. Kesho njoo asubuhi."

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Mwanafunzi alianza kwenye bodi, yaani meza kubwa iliyochorwa mji mzima, barabara, raundabauti na reli. Alisukuma kigari cha kuchezea kwa kidole huku akieleza: hapa natoa indiketa, hapa nampisha anayetoka kulia. Baada ya bodi tulitoka kiwanjani, akajifunza kuachia klachi polepole bila gari kuruka kama chura, kisha tukaingia barabarani na herufi L nyekundu mbele na nyuma. Mwisho alikutana na Mkaguzi, afisa wa polisi mkavu ambaye hakumwambia mtu lolote zaidi ya "kushoto", "kulia" na "simama". Wengi walifeli kwa sababu ya kimya chake tu. Kwa hiyo wiki ya mwisho na mimi nilinyamaza, wakizoee.

Mkurugenzi, mwenye shule, aliishi Nairobi na tulimwona mara chache. Ndiye aliyenipeleka Muhoroni kufundisha madereva wa matrekta ya miwa. Huko nilijifunza uzito. Trekta lenye matela mawili yaliyojaa miwa halisimami kwa sababu umekanyaga breki. Linasimama kwa sababu ulianza kufikiria kusimama tangu mbali. Wanaume wale walinicheka wiki ya kwanza, kisha wakaniita Mama Mwalimu, na hadi leo nikipita soko la Muhoroni kuna wazee wanaoniita hivyo.

Niliporudi Kisumu nilikuta Meneja ameanzisha darasa jipya.

Miaka ile vijana wengi wa kwetu walikuwa wanapata nafasi za vyuo Amerika. Watu walichanga, harambee baada ya harambee, kijana akapanda ndege, na wazazi wakadhani safari imeisha. Meneja alijua kwamba ndege ikitua, safari bado. Alikuwa amesoma huko ujana wake, katika mji mdogo katikati ya nchi ile, akarudi akichechemea mguu wa kushoto. Rafiki yake aliyeshika usukani siku ya ajali hakurudi. Alisinzia, Meneja alituambia, na hilo alilisema mara moja tu.

Basi kila Jumamosi vijana waliokuwa wanangoja viza walikaa mbele ya ramani kubwa ya Amerika ukutani, na yeye akasimama na fimbo yake.

"Kutoka New York hadi chuo chako ni mbali kuliko Kisumu hadi Mombasa, kwenda na kurudi," alimwambia mmoja. "Utafikaje?"

Kisha alizipitia njia moja moja. Ndege ya ndani ni haraka, lakini miji midogo haina. Treni ni nzuri, ila reli inapita pale inapotaka yenyewe. Waweza kushuka na bado uwe mbali na chuo. Basi la masafa marefu ni la polepole na linakuchosha mgongo, lakini linafika karibu kila mji, na dereva wake amelala kabla ya kuanza kazi. Gari la kukodi kijana mdogo hapewi. Lililobaki ni gari la rafiki: wanafunzi wanabandika tangazo chuoni, wanachangia petroli na kupokezana usukani.

"Hilo ndilo mtalipenda," alisema. "Na hilo ndilo ninaloliogopa."

Sehemu yangu ilikuwa mazoezi. Niliwafundisha vijana kufikiria kulia, kwa kuwa huko magari yanapita kulia na usukani uko kushoto. Niligeuza bodi yetu ya mji, magari yakaenda upande mwingine, nao wakaanza upya kama watoto. Niliwaeleza kibali cha kimataifa cha udereva, bima, na basi la njano la shule ambalo likisimama, kila mtu husimama. Kuhusu theluji nilimwachia Meneja. Mimi sijawahi kuiona.

Miongoni mwao alikuwa Adhiambo, binti wa pekee wa Meneja. Mama yake alifariki binti akiwa mdogo, na baba ndiye aliyemlea. Hakukubali kumfundisha mwenyewe. "Mtu akimfundisha mtoto wake gari, watagombana hadi kwa sukari kwenye chai," akaniambia. Basi nilimfundisha mimi. Alikuwa mtulivu na mwenye macho mapana. Mkaguzi alimpitisha mara ya kwanza. Siku ya kuondoka, baba yake alimshika mkono akasema, "Nyathina, hata ukichelewa, wewe fika." Kwa Kidholuo "nyathina" ni mwanangu.

Alikuwa mwaka wa tatu chuoni wakati Meneja alipoanza kukonda. Alipuuza, kisha akalazwa, na daktari akaniita kando mimi kama ndugu, kwa kuwa siku hiyo ni mimi niliyekuwapo. Ini lilikuwa limekwisha. "Kama kuna mtoto mbali," daktari akasema, "mwiteni."

Nilipiga simu kutoka ofisini kupitia opereta. Kule ilikuwa majira ya baridi na theluji ilikuwa inaanguka. Adhiambo alisikiliza bila kulia.

"Mwalimu, kuna wenzangu wanaondoka leo na gari kwenda New York," akasema. "Tutapokezana usukani. Nikienda nao nitawahi ndege ya kesho. Nikingoja basi, ni la kesho asubuhi, na ndege nitapata ya siku inayofuata. Niende na gari?"

Nikamwambia angoje, nitampigia tena. Nilikwenda hospitalini. Meneja alikuwa ameegemea mito. Nilimweleza kama alivyoeleza binti yake, bila kuongeza wala kupunguza. Aliuliza wangapi kwenye gari. Aliuliza kama theluji inaanguka au imesimama. Nikamwambia inaanguka.

Akajisogeza juu kidogo kwenye mito.

"Apande basi," akasema.

"Baba Adhiambo," nikasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "daktari anasema siku si nyingi."

"Nimemsikia daktari. Mwambie apande basi."

Nilirudi ofisini nikapiga. Nikamweleza Adhiambo jibu la baba yake. Akasema, "Mwambie nimesikia."

Siku mbili zile nilikaa na Meneja. Aliniomba nibandue ramani ukutani nimletee. Tuliitandaza juu ya blanketi, na yeye akamfuata binti yake kwa kidole. "Sasa wameingia Saint Louis. Pale kuna kituo kikubwa, atakunywa chai." Baadaye: "Indiana hakuna cha kuona, atalala." Muuguzi alipoingia, alimwonyesha, "Binti yangu yuko hapa." Alipochoka kunyanyua mkono, aliniambia niweke kidole mimi, naye akanielekeza. Tulifika Pittsburgh pamoja. Adhuhuri ya siku ya pili aliniuliza kama amevuka milima. Nikamwambia amevuka. Akasema, "Basi amefika." Hakusema tena, na jioni kabla giza halijaingia alifariki.

Binti yake alikuwa bado hajapanda ndege.

Nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Nairobi. Aliponiona niko peke yangu alielewa. Tulikaa ndani ya gari tukalia pamoja, kisha akaomba ashike usukani. Sikumkatalia. Alipotoka kwenye maegesho alishika kulia, nikamgusa bega, akarudi kushoto. Tulipita Nakuru na Kericho. Tukiteremka kuelekea Ahero akauliza, "Ningekuja na gari, ningemkuta?"

"Labda."

"Yeye alijua?"

"Alijua."

Akaendelea kuendesha. Kule Ahero akakunja kwenda Katito, nyumbani kwao, ambako wajomba na majirani walikuwa wamekusanyika. Tulimzika Meneja Jumamosi, siku ya darasa lake. Vijana wake wa zamani waliokuwa nchini walikuja, na Mkaguzi alikuja na sare, akasimama nyuma bila kusema neno.

Mkurugenzi hakupata mtu wa kusimama mbele ya ramani, na darasa likafa. Niliendelea na bodi na kiwanja hadi magoti yalipokataa klachi, nikastaafu nyumbani kwangu, mtaa wa Manyatta hapa Kisumu. Vijana wa sasa huniuliza kama kazi ile ilikuwa na faida. Nawaambia nimefundisha watu wengi, na walio wengi wako hai. Kwa kazi yetu hicho si kitu kidogo.

Adhiambo alibaki Amerika, ana watoto. Alipokuja mara ya mwisho alinitembelea, tukakaa barazani na chai. Akaniambia jambo ambalo alikuwa hajanieleza miaka yote.

"Wale wenzangu wa gari walifika salama, Mwalimu. Theluji ilikatika usiku ule ule. Barabara ilikuwa safi."

Alizungusha kikombe chake kwenye kisahani, akatazama watoto wa jirani wakicheza. Kisha akaniuliza kama kaburi la baba yake limepaliliwa. Nikamwambia ndiyo, nililipalilia mwenyewe kabla ya mvua.