Vipimo vya Ernestine Gaddy

Marehemu Ernestine Gaddy wa Harlem, Bwana amlaze mahali pema, aliingia maabara ya chuo kuosha chupa. Kufikia mwaka 1948 Profesa aliyeongoza maabara hiyo alikuwa amemtoa kwenye sinki na kumkalisha meza ya vipimo pamoja na Frieda Landesmann, Myahudi aliyekimbia Vienna.

Walipima DNA, kemikali ya urithi, ya tezi ya ndama. Iliyeyushwa, ikadondoshwa kwenye karatasi ndefu zilizoning'inizwa siku mbili ndani ya mitungi ya kioo, mpaka viungo vyake vinne vijitenge; kisha kila kipande kilikatwa na kupimwa kwa mashine ya mwanga. Vitabu vilisema vyote vinne viko sawa kwa sawa. Vipimo vya Ernestine vilikataa. Adenini ililingana na thaimini, na guanini na saitosini, lakini jozi ya kwanza iliipita ya pili kwa mbali.

"Ernestine, chupa zako zina uchafu," alisema Daktari Prewitt, msaidizi wa Profesa. "Ukikosea tena, utarudi kwenye sinki."

"Basi uchafu huo una akili, Daktari. Kila wiki unaharibu kwa kiasi kilekile."

Profesa aliagiza wanawake hao wapime upya, kila mmoja peke yake, asione daftari la mwenzake.

"Nitundike lini?" Frieda aliuliza. "Jumamosi sishiki kazi, unajua."

"Tundika Ijumaa asubuhi, ushushe Jumapili nikiwa kwaya. Mimi natundika leo Alhamisi, nashusha Jumamosi ukiwa kwenye sala zako. Hata tukitaka kuibiana, hatutaweza."

"Na huko kwaya usiniombee nibatizwe."

"Nitakuombea usisinzie kwenye mashine, mwenzangu."

Jumapili Ernestine aliimba sauti ya pili, akili yake ikiwa kwenye sinki.

Jumatatu Profesa alifungua madaftari mawili na kusoma kwa sauti. Jozi zilikuwa zilezile, na tofauti ileile kati yake. Daktari Prewitt aliyachukua, akafuata safu kwa kidole, mstari kwa mstari, mara mbili.

"Kwa vinywa vya mashahidi wawili neno litathibitika," Ernestine alinukuu Maandiko.

"Hilo lilikuwa letu kabla halijawa lenu," Frieda akanong'ona.

"Ndiyo maana nimelisema ukiwapo."

Daktari Prewitt alivuta kiti. "Bibi Gaddy," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo kabla, "naomba unioneshe unavyokata karatasi."

Ernestine alimwonesha, polepole, bila kumcheka. Alipima DNA ya chachu baada ya ile ya tezi, kisha vingine vingi, na katika meza ile alikaa miaka ishirini na mitatu.