Dereva Aliyeificha Presha

Ezron Simkoko ameendesha malori miaka ishirini na sita, Dar mpaka Ndola, na mizani ya barabarani haijawahi kumkamata. Magunia ya ziada hushuka kabla, hupanda gari dogo la Noah, humsubiri mbele ya kituo cha mizani yakiwa na afya njema.

Alipoambiwa ana presha, akaifanyia hivyohivyo. Bosi wake hudai cheti cha daktari kila miezi sita. Siku tatu kabla ya kupimwa, Ezron humeza vidonge, huacha chumvi, humsalimia hata mama mkwe. Akishapita, vidonge hurudi kabatini.

Jumatatu moja, siku nne kabla ya safari, bintiye Brenda, anayefanya kazi maabara ya zahanati, akafuta vumbi kwenye pakiti ya vidonge.

"Baba, hivi vidonge unavifuga?"

"Nitaanza leo, mama. Alhamisi napimwa. Mbona sisikii chochote?"

"Huwezi kusikia. Ukuta wa mshipa wa damu una misuli. Homoni inaitwa anjiotensini inabisha hodi kwenye seli zake: kazeni! Kila seli ina milango ya kupokelea amri hiyo. Halafu kuna vichocheo vya ukuaji, vinavyoziambia seli zikue, ziongezeke. Navyo vinaingilia milango ileile. Kimoja kinaipunguza, kingine kinaiongeza. Homoni haijabadilika, ila seli inaitikia tofauti."

"Kumbe hata humo kuna siasa!"

"Tena za kila siku. Mshipa ukikazwa miaka, ukuta unanenepa, njia inabana. Kidonge chako kinakalia mlango. Ukikiondoa, homoni haijaenda likizo."

Maisha yake yote Ezron alishughulika na wakubwa wa mizani, wenye saa ya chakula, wenye zamu, wenye shemeji mjini Vwawa. Hawa wa ndani ya mshipa hawakuwa na shemeji. Angepitia kwa nani?

"Sasa nifanyeje?"

"Nenda leo, hivyohivyo ulivyo. Daktari auone ukweli."

"Yonasi, yule dereva wa akiba, atachukua gari! Mwaka mzima anautolea macho usukani wangu."

"Na ukianguka juu ya usukani huo, Baba, kwenye mteremko, mbele yako basi limejaa watu?"

Alikwenda. Kipimo kilisoma mia moja tisini na sita, ilhali ya kawaida ni mia moja ishirini. Daktari akarudia mara mbili, akaandika wiki tatu bila kuendesha, na vidonge kila siku, apimwe au asipimwe.

Ijumaa asubuhi Yonasi alipita na lori, akapiga honi ndefu ya kebehi. Ezron akatoka mbio mpaka barabarani, ndala moja mguuni.

"Gia ya tatu inagoma, we mpumbavu! Usiilazimishe! Ibembeleze!"

Yonasi akapunga mkono. Alikuwa amesikia: gia iliingia taratibu, bila kukwaruza. Ezron alisimama pale akisikiliza mngurumo mpaka ukamezwa na foleni ya magari.