Kaka Yangu Kwenye Mizani ya Mahindi

Kaka yangu alijipima kila Jumamosi jioni kwenye mizani ya kupimia mahindi, katika stoo ya baba pale Matuu, wakulima wakishaondoka. Alivua viatu na mkanda, akapanda pale magunia yalipokuwa yameshinda mchana kutwa. Mimi nilisogeza kile kijiwe cha mizani kwenye mkono wa chuma mpaka ukatulia, nikasoma kilo kwa sauti, naye akakunja uso kama mtu aliyepewa habari za mtu mwingine.

Alitaka kuingia jeshini. Tuliambiwa aliye chini ya kilo hamsini na tano hurudishwa nyumbani hata kabla ya kukimbia, na kaka, siku ile ya kwanza kupanda mizani, alikuwa na hamsini na moja. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho kuruhusiwa kwa umri. Zahanati ilikuwa na mizani ya watoto wachanga tu, ile ya kuning'iniza, kwa hiyo hatukuwa na pengine pa kwenda. Wala hatukuona haja.

Kukimbia hakukumpa wasiwasi hata kidogo. Kila asubuhi alikuwa akienda mbio mpaka mfereji wa Yatta na kurudi, akafika nyumbani anapumua taratibu kama aliyetoka tu kuteka maji. Shida, kwa maoni ya kila mtu, ilikuwa mwili wenyewe. Miaka ile mwanzoni mwa elfu mbili mtu mwembamba hakuulizwa anakula nini. Watu waliulizana kando, kwa sauti ya chini, kama ameshapimwa damu. Msichana aliyempenda alimwita Antena mbele ya wenzake, naye akacheka nao, kisha akaacha kuvaa mashati ya mikono mifupi.

Kwa hiyo alianza kula. Mama yetu, tuliyemwita mwaitu kama wanavyofanya Wakamba wengi, alimpikia muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akamwekea parachichi juu, na asubuhi akampa uji mzito uliokolezwa siagi. Kaka alikula mpaka akaegemea ukuta. Wiki ya pili akaacha kukimbia.

"Nikikimbia zinashuka," aliniambia. "Wacha kwanza nizifikishe. Miguu haiwezi kusahau."

Makuli wawili waliombebea baba magunia walisubiri Jumamosi kama watu wanaosubiri mpira.

"Afande, panda. Gunia la mwisho."

"Hili gunia limetoboka chini. Ona miguu."

"Bado? Pole, afande. Hiyo mizani haijawahi kumpenda mtu."

Walicheka sana kwa mzaha huo, kuliko ulivyostahili. Nilidhani wanamcheka kaka.

Nilikuwa nimerudi likizo ndefu kutoka chuo kikuu, mwaka wa kwanza, na hakuna kitu nilichokipokea bila kukigeuzageuza. Nilimuuliza mchungaji kwa nini tunaombea mvua ilhali tunapanda baada ya kusikia redio. Nilimuuliza mwaitu kwa nini wanaume wanapakuliwa kwanza. Baba alikuwa ameshachoka kuulizwa kwa nini mkulima amuuzie yeye mahindi badala ya kuyapeleka Thika mwenyewe. Fizikia niliipenda tangu sekondari. Nilimpima kaka yangu Jumamosi baada ya Jumamosi, na mizani yenyewe sikuipima hata mara moja.

Usiku mmoja kaka alipoongezewa ugali mara ya tatu, baba aliweka kijiko chini.

"Huyu ametosha," alisema. "Mwacheni arudi kukimbia."

"Baba, bado kilo mbili," kaka akajibu.

"Nimekuangalia. Umetosha."

"Si umeona mizani ilivyosema Jumamosi?"

Hapo ndipo nilipoingia, kwa sababu nilipenda kuingia. "Baba, macho yanaweza kukosea," nilisema. "Mizani haina macho wala haina mtoto. Ikisema bado, ni bado."

Baba aliniangalia. Nilifikiri nimemshinda, nikafurahi. Kisha akaomba maji ya kunawa.

Kaka alifika hamsini na tano, akapita. Aliogopa kusimama ukingoni, siku ya kupimwa jeshini isije ikampata ametoka chooni akarudishwa kwa nusu kilo. Akasukuma mpaka sitini. Shingo ilikuwa imejaa, suruali yake haikufunga tena, na akipanda kilima cha nyumbani alisimama katikati akijidai anaangalia ng'ombe. Hata hivyo alikuwa na furaha. Alirudia kuvaa mashati ya mikono mifupi.

Siku ya kuandikishwa nilimsindikiza mpaka uwanjani Machakos, nikasimama kwenye ua wa waya pamoja na mama na dada za wengine. Vijana walipanga foleni kifua wazi. Askari aliyesimama kwenye mizani aliita kilo kwa sauti ili mwenzake aandike.

"Sitini na saba," aliita kaka alipopanda. Akamtazama tumbo. "Kijana, umetoka harusini moja kwa moja?"

Watu wakacheka. Kaka aligeuka akanitafuta kwenye waya, uso umefunguka, kama mtu aliyeongezewa kitu bila kuomba. Mimi sikuweza kutabasamu. Jumamosi nilikuwa nimesoma sitini.

Kisha wakakimbia. Mzunguko wa kwanza alikuwa katikati ya kundi. Wa pili alishika ubavu. Nilimwona akijaribu kufungua hatua, ile hatua yake ndefu niliyoizoea tangu utotoni, na mwili ukawa mzigo aliobebeshwa na mtu mwingine. Alimaliza akitembea, akatapikia nyasi uji wa mwaitu. Waliochukuliwa walipigwa alama mkononi. Wengi walikuwa wembamba kama alivyokuwa yeye.

Kesho yake kaka alilala kutwa. Mimi nilikwenda stoo. Kulikuwa na mfuko wa mbolea wa kilo hamsini, haujafunguliwa, uzi wa kiwandani bado uko mdomoni. Niliwaomba makuli wauweke juu ya mizani. Walitazamana, wakamtazama baba mlangoni, na hakuna aliyecheka. Baba hakuwakataza. Wakauweka.

Arobaini na tano.

Niliinua lile jiwe la mizani nikaligeuza. Chini lilikuwa na shimo lililojazwa risasi, ile ya betri kuukuu, ikalainishwa kwa mkono uliofanya kazi bila haraka. Jiwe lilikuwa zito kuliko lilivyoandikwa, kwa hiyo kila kilichopanda pale kilisomeka chepesi. Kila mkulima aliyeleta mahindi alikuwa ameacha sehemu pale. Kaka pia.

"Nilimwambia ametosha," baba alisema. "Ulikuwepo."

Nilikuwa na maswali mengi kuliko siku nyingine yoyote, nikarudi nayo nyumbani. Baadaye niliyajibu mwenyewe. Baba angebadilisha jiwe, kaka angeongeza kilo kama sita kwa usiku mmoja na angetaka kujua kwa nini. Angesema kweli, makuli wangesikia, na sokoni kungejulikana kufikia Jumatatu. Alichobaki nacho kilikuwa neno lake dhidi ya mizani yake, na mimi nikawa shahidi wa mizani.

Kaka hakujua. Siku hizi anatunza nyumba za kupanga Syokimau. Wiki moja anakula kama tunavyokula sote, wiki inayofuata anashinda na chai. Kwa miaka mingi nilimsikia akiwaambia watu, kwa mzaha, kwamba mwili wake ulimwangusha siku ulipohitajika. Baba alipozikwa nikaona sina tena wa kumlinda, na hata hivyo nikachelewa. Nilimweleza mwaka jana, kwake, tukila mchana. Nilimweleza habari za jiwe, risasi na mfuko wa mbolea.

Hakukasirika. Alikaa akihesabu, nikaona midomo inatembea.

"Basi zile hamsini na tano," aliuliza, "nilizifikisha lini?"

Hesabu hiyo nilikuwa nayo tangu siku ile ya stoo.

"Siku ya kwanza ulipopanda," nilisema. "Ulikuwa umepita."

Alitazama sahani yake. Ilikuwa bado nusu. Akaisogeza upande wangu, taratibu, akainuka kwenda kunawa mikono.