Jina Aliloitwa Sokoni

Mume wangu hakuwa mshonaji. Alitengeneza cherehani za washonaji, na banda lake lilikuwa sokoni Ruangwa, karibu na wauza chumvi. Kulikuwa na aina moja ya cherehani, nyeusi, yenye maandishi ya dhahabu ubavuni, ambayo aliijua mno. Akiisikia inazunguka tu, anakwambia inaumwa wapi. Watu wakaacha jina lake, wakamwita kwa jina la cherehani hiyo. Hata mama yake, aliyezungumza Kimwera zaidi kuliko Kiswahili, alimwita hivyo. Mimi nilipohamishiwa Nachingwea kufundisha, nikitokea Kagera, nilidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Tulikuwa tumeshaoana, tunakaa Nachingwea, yeye akienda bandani kwake kwa pikipiki, wakati mji wetu ulipopata intaneti kafe. Mwenye kafe alimshauri afungue tovuti ya kuuzia vipuri.

"Tuiite jina gani, fundi?"

"Ninaloitwa."

Wakatafuta jina la cherehani likifuatiwa na neno Ruangwa. Hakuna aliyekuwa amelisajili. "Halina mwenyewe," mwenye kafe akasema. "Ukilipia ni lako." Mume wangu alirudi nyumbani siku hiyo ana furaha ya mtu aliyepewa kiwanja. Juu ya ukurasa wa kwanza walinakili yale maandishi ya dhahabu, yakapendeza kweli. Simu zikaanza kuingia, kutoka Masasi, Newala, hata Lindi mjini.

Kisha ikaja barua pepe kutoka kwa mwanasheria wa Dar es Salaam. Mwenye kafe aliichapa, nami nikamsomea sebuleni. Ilisema jina lile ni alama ya biashara iliyosajiliwa na watengenezaji wa cherehani, kwamba kulitumia kwenye anwani ya tovuti kunawapotosha wateja, na kwamba aache mara moja na kuikabidhi anwani hiyo, la sivyo watafika mahakamani.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma.

"Sasa mwalimu, mtu anaweza kunishtaki kwa jina langu? Mama yangu mwenyewe ananiita hivyo. Na si nililipia?"

Aliamua kutoijibu barua hiyo. Aliona hao watu wako mbali, wana mambo mengi, watasahau. Lakini usingizi ulimpungua, na chakula alikigusa tu.

Kilichombadilisha hakikuwa barua. Wakati wa likizo nilikuwa naye bandani alipofika mama mmoja kutoka Mtua, amebeba cherehani kichwani, imefungwa kwa khanga. Aliishusha mbele yetu kwa hasira.

"Mmeniuzia kitu kibovu," alisema. "Nimeuza korosho zangu zote nikanunua hii, hata sijamaliza kushona sare za shule imekufa. Nataka nyingine."

"Mama, mimi sikukuuzia."

"Si nyie ndio kampuni? Mwanangu amewaona kwenye kompyuta pale Nachingwea. Jina hili hili, maandishi haya haya. Akaniambia ofisi yao iko Ruangwa, mama, nenda."

Mume wangu aliifungua cherehani. Ilikuwa bandia, chuma chepesi kilichopakwa rangi nyeusi, ambacho yule mama aliuziwa mnadani. Alipoelezwa aliketi chini kwenye vumbi. Mume wangu alishinda akihangaika na mashine ile, akaitia vyuma vya mashine nyingine mpaka ikashona, na hakumdai kitu.

Kesho yake akampigia mwanasheria. Nilitarajia ukali, lakini mwanamke aliyepokea alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kaka yangu, sikatai kwamba wewe ni fundi mzuri," alimwambia. "Andika kwenye tovuti yako kwamba unatengeneza cherehani hizo, hakuna atakayekugusa. Ila usijiite wao, na usiweke nembo yao."

"Niliambiwa halina mwenyewe."

"Uliambiwa anwani iko wazi. Hilo si sawa na kusema jina halina mwenyewe. Wengi wanaoanza wanaponzwa na hilo. Siku nyingine muulize kwanza msajili wa alama za biashara."

Mume wangu akaikabidhi anwani. Kampuni haikumdai fidia, yakaishia hapo. Kwa tovuti ya pili alichagua jina la ukoo wao, na safari hii nilimwandikia msajili nikiwa naye pembeni, tukasubiri jibu ndipo tukalipia. Wateja walipungua kwa muda. Waliomfahamu waliendelea kumwita jina lile lile sokoni, naye aliitika, maana hilo hakuna sheria inayolikataza.

Ila jambo moja lilimuuma. Kila tulipopita kafe aliomba wamfungulie ile anwani ya zamani. Hakikufunguka chochote. Kampuni ilikuwa imeichukua na kuiacha hivyo hivyo, tupu.

"Wangeweka hata picha ya cherehani moja," aliniambia mara ya mwisho, akainuka kwenye kiti. "Moja tu."